Jumapili Zetu Langoni pa Mabanda ya Mbwa

Mimi nina mdomo. Sisemi kwa kujisifu, nasema ili ujue mapema. Marehemu mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikijibu, na hapa Kimuli, ninakoishi na kushona nguo za watu, kila mteja anajua kwamba akichelewa kuja kuchukua gauni lake atalikuta limekunjwa vizuri, pamoja na maneno yangu mawili matatu ya kumsindikizia. Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekaa miaka saba nje ya lango la mtu, kila Jumapili, bila kutukana. Sawa, nilitukana mara tatu. Nitazieleza zote, maana nisipozieleza mimi, jirani yangu atazieleza.

Yote yaliletwa na ukarimu wangu wa kijinga. Nilikuwa na mbwa jike, rangi ya udongo wetu huu mwekundu, sikio la kushoto limechanika ncha kwa sababu alipokuwa mdogo alitaka kujuana na paka. Jina lake silitaji. Katika simulizi hii sitaji jina la mtu yeyote, na yeye kwangu alikuwa mtu. Alilala chini ya cherehani, juu ya mabaki ya vitambaa, na nikianza kukanyaga pedali mkia wake nao unaanza kupiga sakafu. Wateja walikuwa wakicheka, wanasema nina cherehani yenye ngoma yake.

Siku moja asubuhi akaja mgeni. Alikuwa mzee aliyerudi kutoka mjini baada ya kustaafu, akajenga nyumba juu ya kilima kile unachokiona ukitoka kwangu, na nyuma ya nyumba mabanda marefu ya matofali, bati jipya linang'aa mpaka macho yanauma. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba mama, habari za hapa?" Nikamvutia kiti, nikaleta kikapu cha kahawa.

Hapa nieleze kidogo kwa asiyetujua. Kwetu kahawa ya mgeni si ya kunywa. Ni matunda ya kahawa yaliyochumwa mabichi, yakachemshwa na majani yenye harufu, yakaanikwa juani mpaka yakawa makavu kabisa. Nyumbani tunaiita akamwani. Inakaa kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko, na mgeni akishakaa anapewa achukue punje mbili tatu atafune, ndipo maneno yanaanza. Mama yangu alitufundisha kwamba mtu akishatafuna kahawa yako si mpita njia tena. Huwezi kumdanganya, naye hawezi kukudanganya, na akikuomba kitu ulicho nacho, ukimnyima umejiaibisha mwenyewe.

Mzee akatafuna. Akamtazama mbwa wangu chini ya cherehani.

"Nimesikia una mbwa hodari," akasema. "Nami naanza kufuga. Natafuta jike mwenye afya."

"Wa ulinzi?"

Akatema ganda, akajifuta mdomo. "Mbwa wanahitajika sana mjini," akasema.

Basi mimi, na mdomo wangu wote huu, sikugundua kwamba hakunijibu. Nilichoona ni mzee mwenye heshima zake amekaa kwangu, ametafuna kahawa yangu, anaomba. Nikampa mbwa. Bure! Nikamfunga kamba kwa mikono yangu, nikamwambia nenda mama, unakwenda kuwa mkubwa wa kazi. Alipofika kwenye migomba aligeuka kunitazama, nikampungia mkono kama mjinga.

Niliujua ukweli miezi michache baadaye. Bwana mifugo alikuja kuchanja mbwa wa kitongoji chetu chanjo ya kichaa, akaniuliza wangu yuko wapi. Nikamwonyesha kilima kwa majivuno. Akakunja daftari lake. Akaniambia yeye ameziona karatasi za yale mabanda, na kila kitu kipo kisheria, ila wale si mbwa wa ulinzi. Watoto wakifikisha miezi kadhaa gari linakuja kuwachukua, wanakwenda maabara kujaribiwa dawa. Hawarudi.

"Na wangu?" nikamwuliza.

"Majike wa kuzaa hawaondoki. Wako yumo ndani, mama. Anazaa tu."

Maawe! Nilisikia moto umenipanda kutoka kwenye nyayo. Mbwa wangu yumo ndani ya tofali anazaa watoto wa kwenda kuchomwa sindano, na aliyemfunga kamba ni mimi. Nikaingia ndani, nikatoka na jembe. Sijui nilitaka kulima nini kule kilimani. Nilikuwa nimeshafika njiani jirani yangu aliponiona.

Huyu jirani ni mwanamke wa makamo, mkulima wa migomba na maharage. Nyumba yake na yangu zinatenganishwa na njia ya miguu na mistari michache ya mibuni. Wazazi wake walitoka Burundi zamani, yeye kazaliwa hapahapa. Mimi Mlutheri, yeye Mkatoliki, na tofauti hiyo haijawahi kutusumbua isipokuwa siku za kwaya. Sauti yake ni ndogo, sufuria ikichemka humsikii. Alinishika jembe, si mkono, akasema, "Hilo liache hapa. Kisha uniambie."

Nikamwambia, huku nalia na kutukana kwa zamu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mimi nimezaliwa na watu waliokimbia mawe na kelele. Sitaanzisha mengine hapa. Tutakwenda, lakini tutakwenda kama wageni."

"Wageni wa nani? Wa yule?"

"Wa yule. Yeye alikuja kwako ukampokea. Na sisi twende tuone kama atatupokea."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Jumapili iliyofuata, yeye ametoka misa na mimi nimetoka ibada, tulipanda kilima tukiwa na nguo zetu za kanisani. Hilo la nguo lilikuwa wazo lake. Alisema mtu aliyevaa gauni la kanisani anapata shida kutukana, na kwa kweli ilisaidia, ingawa si kila mara. Tukabisha hodi. Mlinzi akachungulia, akaingia ndani, akarudi akasema mzee hana nafasi. Jirani yangu akasema hakuna shida, tutamsubiri. Tukakaa kwenye nyasi kando ya lango. Akatoa kikapu chake cha kahawa, tukatafuna, na kabla hatujaondoka akakata kipande cha jani la mgomba, akaweka juu yake punje nne, akaliacha chini ya nguzo ya lango.

"Ya nini hiyo?" nikauliza.

"Fungu lake. Hatuwezi kutafuna mlangoni pa mtu bila kumbakizia."

"Mwenye mlango ndiye anayetoa kahawa! Umeona wapi mgeni akimkirimu mwenyeji?"

"Basi leo umeona," akasema, akajikung'uta gauni.

Jumapili iliyofuata kahawa haikuwepo. Mimi nikasema kuku. Hawa kuku wa kilimani hawana adabu. Tukaweka nyingine.

Wiki zikawa miezi, wanawake wakaongezeka. Akaja mke wa fundi seremala, wakaja wanakwaya wangu watatu, akaja bibi mmoja ambaye nadhani alifuata kahawa tu. Kanuni zilikuwa za jirani yangu: hakuna kutukana, hakuna kurusha kitu, hakuna kuzuia gari. Kila anayepita anaamkiwa. Watu walitucheka sana. Ukienda Omurushaka kununua vitambaa, mwenye duka anakuuliza, "Mbwa hawajambo?" Nami nilijibu, "Hawajambo, wanakusalimia, wanasema unafanana nao." Hiyo haihesabiki katika matusi matatu kwa sababu jirani yangu hakuwepo kuisikia.

Tusi la kwanza nilimtukana dereva. Ilikuwa masika, gari lao lilikuja likapita kwenye dimbwi, likanirushia tope gauni jeupe nililolishona mwenyewe kwa Pasaka. Nilimweleza yule dereva jinsi alivyozaliwa na ilivyokuwa kazi bure. Jirani yangu akanisimamisha Jumapili mbili. Mimi! Kwenye jambo la mbwa wangu mwenyewe! Nilikaa nyumbani nashona kwa hasira mpaka nikaunganisha mkono wa gauni shingoni.

Lakini nikirudi kwa dereva huyo, sikiliza. Kanuni ilikuwa kumwamkia kila aendaye na arudiye. Yeye kijana, sisi mama zake, kwa hiyo yeye ndiye aliyepaswa kutuamkia. Alipokuwa anapita na watoto wa mbwa nyuma wanalia, jirani yangu anasimama, anasema, "Safari njema, mwanangu." Kila safari, hivyohivyo. Siku moja alisimamisha gari, akashuka, akasema shikamooni, akajishika kiuno. Kisha akasema, "Mama, mimi nimeomba nibadilishwe njia. Siwezi tena kupita hapa." Tukampa kahawa. Ukiniuliza mafanikio yetu ya kwanza, ni huyo.

Mafanikio ya pili ni watu wa hapa wenyewe. Mzee alikuwa bado anazunguka akiomba mbwa wazuri wa kuchanganya damu. Alikuta kila anapokwenda anapewa kiti, anapewa maji, lakini kikapu cha kahawa hakitoki. Hakuna aliyepanga hilo. Wanawake tu waliambiana kisimani kwamba usimpe kahawa, maana akishatafuna hutaweza kumnyima. Watu wa Kimuli wakali bwana. Mwaka wa pili ukaisha bila kupata hata mbwa mmoja wa kijiji.

Mkutano wa kijiji tulishindwa, nisifiche. Mzee alisimama na karatasi zake zote, mihuri mpaka chini, mwenyekiti akasema sheria haijavunjwa. Nikanyanyuka nikasema hata kuiba akili ya mjane kama mimi hakuna sheria yake. Watu wakacheka, jirani yangu akahesabu: la pili. Nikamwambia hilo si tusi, ni hoja. Akasema limetoka kwa sauti ya tusi.

Tulikuwa na barua pia. Kila mwezi tuliandika kwa wanaonunua wale mbwa, huko mjini, na kwa ofisi yoyote ambayo bwana mifugo alitupatia anwani yake. Mimi ndiye mtunzi, yeye ndiye mwandishi, maana mwandiko wake ni mzuri. Natunga kurasa mbili za moto, akimaliza kunakili inabaki mistari sita: sisi ni akina mama wa mahali fulani, tunaona hivi, tunaomba hivi, Mungu awabariki. "Mbona umeondoa pale niliposema watazikwa bila kuliliwa?" namwuliza. Anasema karatasi haikutosha. Miaka yote ile hatukupata jibu hata moja.

Nami kila Jumapili nilikuwa nasikiliza. Hilo sikumwambia mtu. Wenzangu wakizungumza, mimi sikio langu liko nyuma ya ukuta, natafuta sauti moja katikati ya zile zote. Siku nyingine nadhani nimeipata, siku nyingine najiambia yule atakuwa amekufa, unajidanganya mwanamke wewe. Nilimkosea yule mbwa. Usiniambie mbwa hajui, alinigeukia kwenye migomba nami nikampungia mkono.

Tusi la tatu ndilo baya. Ilikuwa mwaka wa tano. Kwa mara ya kwanza mzee alitoka akasimama ndani ya lango, tukasimama wote, shikamoo mzee, marahaba. Akanitazama mimi.

"Mama, unatumia dawa yoyote?"

Nikasema ya presha, kila asubuhi.

"Na hiyo dawa unafikiri ilianzia wapi? Mtu wa kwanza kuimeza alikuwa nani?"

Nilikosa jibu. Mimi, nikakosa jibu! Na kwa kukosa jibu nikasema neno pekee nililolikuta mdomoni: nikamwita mchawi. Kwetu hilo si neno la kuchezea. Jirani yangu akasema taratibu, kwa kile kisauti chake, "Mzee, hatukatai dawa. Sisi pia tunaugua, na hatujui yote. Tunaomba njia nyingine itafutwe, na tunaomba mbwa wetu." Mzee akageuka akaingia ndani.

Kesho yake, Jumatatu, siku ya kazi, jirani yangu alinipandisha kilima nikaombe radhi. Nilisimama mbele ya lango lililofungwa, nikapaza sauti, "Mzee, naomba radhi! Wewe si mchawi!" Majogoo wawili wakawika. Kisha kutoka ndani tukasikia, "Haya." Na njiani kurudi jirani yangu alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi ile nilikuwa nimemeza kidonge changu kwa aibu, na tangu hapo kila nikimeza namkumbuka mbwa nisiyemjua. Sijapata jibu bora zaidi ya hilo.

Mlinzi aliacha kazi mwaka wa sita, akaja kukaa upande wetu wa lango na kiti chake. Huyo naye ni mafanikio. Alituambia kwamba mzee siku hizi hasemi, na mabanda nusu yako wazi, gari linakuja mara chache. Nikamvuta pembeni.

"Kuna jike jekundu, sikio limechanika?"

"Yupo," akasema. "Amezeeka sana sasa. Yupo, mama."

Nilirudi nyumbani nikalia kwa sauti, nikashona mpaka jioni bila kujua ninashona nini.

Halafu ikafika Jumapili ile. Ulikuwa msimu wa senene, kila mtu ana ndoo yake, nasi tuko langoni tumekaa tunanyonyoa mabawa na miguu huku tukizungumza habari za harusi ya mtu. Hata hatukusikia komeo. Lango likafunguka lote, pande mbili, na mzee amesimama katikati. Mkononi ana kikapu cha kahawa.

"Karibuni," akasema.

Hakuna aliyesogea. Senene mmoja alitoka kwenye ndoo ya bibi, akaruka akatua begani kwa mzee, naye hakumfukuza. Akaja akakaa kwenye jiwe tulilozoea kukalia, akamshikia jirani yangu kikapu kwa mikono miwili. Jirani yangu akachukua. Akanishikia mimi. Nikachukua, punje moja ikaanguka.

"Hawatachukua tena," akasema. "Wameniandikia. Wanasema kuna njia nyingine wanazojaribia sasa. Wanasema pia wamechoka na barua."

Jirani yangu akaangalia viatu vyake. Sisemi ni sisi tuliofunga yale mabanda. Bwana mifugo alitueleza baadaye kwamba huko duniani wako wengi wanaolisema jambo hilo miaka na miaka, na wenye elimu wamekuwa wakitafuta njia. Ila barua za mistari sita zilifika, na hilo walilisema wenyewe.

"Na kahawa zenu," mzee akaendelea, "nilikuwa nazitafuna mimi."

"Si kuku?" nikauliza.

"Kuku gani? Mimi. Kila Jumapili mkishaondoka. Zile za masika mlikuwa hamzikaushi vizuri."

"Wewe mzee..." nikaanza, jirani yangu akanifinya paja. Nikameza. Nikauliza kwa adabu, "Sasa kama ulizitafuna, mbona hukufungua?"

Akafunika kikapu. "Ningefungua ningewaambia nini? Mtu akishatafuna kahawa ya mtu hamwambii uongo. Nilishadanganya mara moja, nyumbani kwako."

Kwa miaka saba nilikuwa nimeandaa hotuba ya siku ile. Ilikuwa na sehemu nne na laana ya kufungia. Unajua ilikwenda wapi? Sijui na mimi. Nilitafuna kahawa yake, nikatema ganda, nikasema kama alivyosema yeye siku ile, kwa sauti ya kawaida, "Mzee, nimesikia una jike jekundu. Naomba unipe."

Akaenda mwenyewe kumleta.

Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mdomo mweupe, tumbo linaning'inia kwa kuzaa. Sikio lilikuwa lilelile. Nikapiga magoti na gauni langu, nikamwita. Alinusa kitenge changu mara moja, akaangalia pembeni. Hakunijua. Nililia hapohapo mbele ya wote, na mzee naye akalia, na yule bibi akaendelea kunyonyoa senene wake kwa sababu alisema wataharibika.

Wale wengine waligawiwa. Mke wa seremala akachukua wawili, mlinzi akachukua watatu, mmoja akaenda hadi Kaisho kwa bodaboda, amekumbatiwa na mwanakwaya. Wiki ile kijiji kilipata vituko! Mbwa hawajawahi kukanyaga majani. Wanainua mguu mmoja mmoja. Jani la mgomba likianguka, wanajificha. Kuku wa seremala aliwafukuza mbwa wawili wakubwa kuzunguka nyumba mara mbili, watu wakaja kutazama.

Wangu hakuogopa kitu. Nilimfungua kamba uani, uwanja mpana, migomba kila upande, nikasema haya mama, umerudi. Akatembea hatua nne, akageuka. Hatua nne, akageuka. Nikadhani anatafuta mahali pa kulala. Aliendelea hivyo mpaka akachoka, kwenye uwanja mtupu, hakuna ukuta wala waya. Hatua nne zilikuwa urefu wa banda lake. Jirani yangu alisimama kwenye mibuni akamtazama, kisha akarudi kwake.

Nikamtolea cherehani nje. Siku ya tisa au ya kumi, nakanyaga pedali, nikasikia kitu chini: mkia unagusa udongo. Taratibu, mara moja, halafu tena. Sikuthubutu kusimamisha mashine. Nilishona kitambaa kile mpaka mwisho, nikakigeuza nikakishona tena.

Lakini hatua zilibaki nne. Nilimwekea chakula kwenye hatua ya tano, akakaa anakitazama. Nilitembea naye bega kwa bega, yaani goti kwa bega, akifika kwenye ya nne anageuka. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamwimbia wimbo wa kwaya. Watu wakinipongeza njiani kwa ushindi wetu nawashukuru, huku moyoni nasema ushindi gani, lango limefunguliwa na yeye bado yumo ndani. Na aliyemweka humo ni mimi. Miezi ikapita.

Juzijuzi nipo ndani natafuta vifungo. Nikasikia makelele nje, mwanamke anapiga ukelele wa hasira, nikafikiri kuna ugomvi njiani. Natoka, namwona jirani yangu anakuja kupitia mibuni, kanga imemdondoka bega moja, mwiko mkononi, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imesimama. Jirani yangu yule yule wa sufuria ikichemka humsikii.

"Wewe! Mbwa wako! Mbwa wako mshenzi amekula kuku wangu!"

"Mbwa wangu yupi?"

"Una wangapi? Kizee chako! Kimeingia mpaka jikoni kwangu, kimemnyakua kuku wangu wa mayai, nakifukuza kinakimbia! Kinakimbia, hakina hata aibu! Nitakipiga mimi, haki ya Mungu nitakipiga, na wewe na..."

"Jikoni kwako?" nikasema. "Amevuka njia?"

"Kwani ameruka? Amevuka njia, amepita kwenye mibuni, ame..."

Mwiko ukabaki juu. Tukatazamana, kisha wote wawili tukageuka kutazama kuanzia kwenye cherehani yangu, uani, njia, mibuni, mpaka moshi wa jikoni kwake. Wakati huo mbwa wangu akatokea kwenye migomba, anahema, manyoya ya kuku yamemganda kwenye mdomo wake mweupe. Akatupita bila kutujali, akaenda akajilaza chini ya cherehani.

Tulikaa chini pale pale tulipokuwa, kwenye udongo. Yeye ndiye aliyeanza kulia, nami nikafuata.

"Nimekutukana?" akaniuliza baadaye, anajifuta kwa kanga.

"Umemwita mshenzi. Jumapili mbili."

"Sawa," akasema. "Lakini kuku wangu utanirudishia."

Nikaenda kwenye banda langu la kuku kumkamatia mtetea, naye akachukua kikapu cha kahawa akachagua punje mbili, akaziweka mbele ya pua ya mbwa.